Siku ya Meza Moja

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, katika makazi ya wazee ninapofanya kazi hapa Bariadi, tunaunganisha meza zote za ukumbi ziwe moja ndefu. Wazee wenyewe ndio walioipa jina: siku ya meza. Asubuhi kinyozi anakuja na mashine yake, anawanyoa wanaume uani, na akina bibi wanaotaka. Sisi wa jikoni tunawakata akina bibi kucha, tunawasugua visigino na kuwapaka mafuta. Muuguzi anatoka kituo cha afya na mzani wake na kipimo cha presha, na kila mzee akipanda kwenye mzani wenzake wanampigia kelele kama yuko mnadani.

"Huyo ng'ombe wa masika!"

"Huyo mrudisheni malishoni kwanza!"

Halafu tunakula. Siku hiyo tunapika wali na nyama, na mlenda kwa wasio na meno. Soda inatolewa kwa wale ambao muuguzi hajawakataza. Waliokatazwa nao wanakunywa, ila wanainywea nyuma ya migongo ya wenzao.

Mimi ni mpishi. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, kwa sababu nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwakorogea uji. Nimevuna pamba za watu, nimeuza vitumbua stendi, mwisho nikapata kazi kwenye jiko hili. Wadogo zangu wamekua. Wa mwisho, binti, ameolewa juzijuzi tu. Kwa hiyo nilipofika hapa na kukuta wazee ukumbi mzima, mimi niliyekuwa sina mzee hata mmoja, nilijiona kama mtu aliyefunguliwa duka la bure. Kila bibi alikuwa bibi yangu.

Bibi wa Kimali alikuwa wa kwanza. Tulimwita hivyo kwa sababu ndiko alikotoka, huko Meatu. Alikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, mfupi, mwenye macho mekundu ya moshi wa miaka mingi ya kupikia mavi ya ng'ombe. Macho hayo ndiyo yaliyomletea maneno ya uchawi kijijini kwao mpaka akaletwa kwetu. Mume alikuwa ameshafariki, na mtoto wake mmoja wa kike alifia huko alikoolewa. Hilo alitueleza mara moja tu, na sisi hatukumuuliza zaidi. Hapa hatuulizi mtu kilichomleta.

Lakini yeye kuuliza alipenda. Kwetu Usukumani salamu haiishii kwenye mwangaluka. Ukishaitikia unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, mama yako katoka wapi, mpaka upatikane uzi wa kuwaunganisha. Bibi wa Kimali aliujua mchezo huo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana mgeni yeyote akiletwa, siku yake ya kwanza ya meza tulimkalisha uso kwa uso na bibi. Angemhoji, angezunguka naye Maswa na Shinyanga yote, na kabla nyama haijaisha angekuwa ameshampata.

"Basi wewe ni mjukuu wangu. Lete huo mfupa."

Mgeni alicheka, akatoa mfupa, na kuanzia hapo akawa wa nyumbani.

Msimu wa kuvuna pamba gari la halmashauri lilituletea babu mmoja kutoka Mwamanyili, kule Busega. Mrefu, mwembamba, magoti mabovu, mtu wa maneno machache. Alifika Ijumaa jioni na kulala kwenye jengo la wanaume. Kesho yake ilikuwa siku ya meza, na sisi tukafanya kama tulivyozoea. Nikamwonyesha kiti chake mimi mwenyewe, katikati ya meza, nikamwekea sahani yenye nyama nzuri. Bibi alikuwa bado ananyolewa.

Akaingia akiwa na kichwa kinachong'aa mafuta, anacheka na mwenzake. Akafika kwenye kiti chake, akainua macho.

Sijawahi kuona kicheko kikikatika vile. Alivuta kanga kutoka mabegani akajifunika uso wote, akageuka, akatoka kwa mlango uleule alioingilia. Na yule babu, kabla hata bibi hajafika mlangoni, alikuwa ameshasimama na sahani yake. Akapita jikoni kichwa chini. Nilimfuata nikamkuta nyuma ya jengo, kwenye rundo la kuni, ameweka sahani chini na haigusi.

"Guku," nikamwita, yaani babu, "kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nyinyi kuleni tu."

Ukumbini maneno yalishaanza. Tuna mzee mmoja kipofu, zamani alikuwa mchuuzi wa samaki Lamadi, na mdomo wake haujawahi kustaafu.

"Mimi sioni," alisema, "lakini nimesikia viti. Huyo babu aliahidi ndoa akakimbia. Mtaniambia."

"Wewe unadhani kila mtu ni kama wewe," bibi mmoja akamjibu.

"Mimi sikukimbia, mimi nilifukuzwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani kesho yangekwisha.

Hayakwisha. Kuanzia siku hiyo bibi wa Kimali hakuja tena ukumbini, si kwa uji wa asubuhi, si kwa ugali wa mchana. Hakutoka hata uani kuota jua, kwa sababu uani wanapita watu wote. Alikaa chumbani kwake kitandani, dirisha limefungwa. Nilimpelekea chakula, na nilichopeleka nilirudi nacho karibu chote. Alikuwa mtu wa kula akiongea, na pale hapakuwa na wa kuongea naye. Yule babu naye alikulia kwenye kuni. Alipotaka kwenda bombani alizunguka ua wote kwa nyuma, na magoti yale, badala ya kukatiza mbele ya jengo la wanawake.

Msimamizi wetu ni mama wa Nyalikungu, mwanamke wa haki na wa haraka. Katika makazi haya ana sheria moja asiyoichezea: wazee wale pamoja. Ameshaona wengi waliojitenga na sahani zao wakififia taratibu, na hataki kuona tena. Alikwenda kwa bibi akakaa kitandani naye.

"Mayu," alimwita, yaani mama, "huyu mzee amewahi kukufanyia ubaya?"

"Hapana."

"Alikuwa kati ya wale waliokutoa kijijini?"

"Hapana. Wala si wa kwetu."

"Unamjua?"

Bibi akatazama ukuta. Msimamizi akaenda kwenye kuni, akamuuliza babu maswali yaleyale, akapata majibu yaleyale.

Siku ya meza iliyofuata, muuguzi ilibidi aupeleke mzani chumbani kwa bibi. Hakuna aliyepiga kelele za mnada. Nilimshika mkono ashuke, na mkono wenyewe ulikuwa umebaki mfupa na ngozi. Muuguzi alimpima damu, akamsikiliza kifua, hakukuta ugonjwa. Alituambia nje, kwa sauti ya chini, kwamba mwili wa umri ule ukishuka hivyo mwezi mwingine, hautapanda tena.

Hapo msimamizi akaamua. Kuna makazi mengine ya wazee, mkoa mwingine, safari ya siku nzima, ambako wana wodi ndogo na muuguzi anayelala hapohapo. Alipiga simu, wakakubali kumpokea bibi. Gari lingekuja Jumatatu baada ya siku ya meza inayofuata. Msimamizi alipomweleza, bibi aliitikia kwa kichwa. Alipotoka, nikaona amekamata chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

Nilichukua kazi ya kumlisha kuwa yangu. Nilimkorogea uji wa ulezi na karanga, nikamchemshia maharage machanga, nikampondea viazi. Alikula kijiko, akaweka. Na kila mara, kabla ya kijiko hicho kimoja, aliniuliza swali moja.

"Yule amekula?"

Nilidhani anauliza kwa hofu, kutaka kujua kama mtu wake mbaya bado yupo. Nilimjibu tu kwamba amekula.

Siku moja, wiki ya mwisho ile, nilimpelekea uji nikaamua nimchekeshe. Nilianza kumsimulia habari za shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho, aliyekuja kwangu Jumapili. Kijana mzuri ila tumbo lake halina mwisho. Alikula ugali, nikamwongeza, akala, mwisho akaniomba na ukoko wa sufuriani.

Bibi akaweka kijiko.

"Alikula wapi?"

"Kwangu, mkekani."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapohapo, bibi. Namsongea mwingine."

"Yaani anatafuna huku unamwangalia mdomoni?"

"Nitaangalia wapi, na chumba chenyewe kimoja?"

Akajiinua kwenye mto. Muda mrefu nilikuwa sijamwona akijiinua mwenyewe.

"Ng'ombe za mdogo wako nani alizipokea?"

"Baba mdogo alikuwepo. Lakini walikuja kwangu, mimi ndiye niliyemlea."

"Siku anaondoka nani alimpaka mafuta?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye mama mkwe!" Akapiga paja. "Na yule kijana anakutafunia usoni mpaka ukoko! Mayu wee! Nyinyi mmelelewa na nani?"

Neno lilipomtoka akalikumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja. Historia yangu aliijua.

"Tumelelewa na mimi, bibi," nikamwambia.

Tukatazamana, kisha tukacheka wote wawili, yeye mpaka akakohoa. Nilimshikia kikombe. Halafu akanieleza, kama anayemfundisha mtoto, mambo ambayo mama yangu angenieleza kama angekuwa hai. Kwamba kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Hamtaji kwa jina, wala hamzungumzii ovyo kwa watu. Si kwa ubaya. Ndiyo heshima ya yule binti aliye katikati yao.

"Siku hizi wengi wameacha," alisema. "Mimi sijaacha."

Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji hewani. Polepole mambo yakaanza kunielea: kanga usoni, sahani kwenye kuni, mzunguko wa bombani, na lile swali la kila siku.

"Bibi. Yule babu wa Mwamanyili..."

"Usimtaje."

"Ni mkwe wako."

Akajifunika uso, ingawa mle ndani tulikuwa wawili tu.

"Alimwoa mwanangu," alisema ndani ya kanga. "Alikaa naye vizuri. Ni mtu mwema sana yule."

Niliwaza jinsi tulivyokuwa vipofu sote, si yule wa Lamadi peke yake. Mkwe tunamfikiria kijana. Huyu mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za bibi, maana bibi alizaa mapema na binti alimpata mume mkubwa. Na tena tulishazoea kudhani kwamba mtu akiingia kwenye geti letu ameacha undugu wote nje, amebaki mzee tu, wa kuoshwa na kulishwa na kupimwa. Tukawakalisha uso kwa uso na sahani za nyama.

Nilimwomba ruhusa nikamwambie msimamizi. Alisita sana, mwisho akasema, "Mwambie wewe. Mimi siwezi kulitamka kwa mtu wa ofisi."

Msimamizi alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza akashika kichwa.

"Mume wangu mimi," alisema, "mpaka leo tukienda kwa mama anakulia kwenye gari. Na nimemuuliza huyu bibi kama amewahi kufanyiwa ubaya! Mungu wangu." Akatembea huku na huku. "Sasa kuna namna. Kwetu mkwe anatoa mbuzi, mambo yanalegezwa, wanakula pamoja. Mbuzi nitanunua mimi."

Tukaenda wote wawili kumpa bibi habari njema. Alitusikiliza kwa adabu.

"Mbuzi anaongozwa na binti," alisema. "Mwanangu ndiye angeshika kamba amlete kwangu. Nyinyi mtampa nani ashike?"

Msimamizi akasema labda mimi.

"Huyu ana mkwe wake, tena hajamweza." Akanipiga kofi dogo la mkono, kisha uso ukabadilika. "Halafu nani kawaambia nataka yalegezwe? Watu wote waliomjua mwanangu wamekwisha. Amebaki huyo. Nikichungulia dirishani nikamwona anazunguka kule nyuma, ameinamisha kichwa, najua bado yeye ni mume wa mtu. Siku akikaa mbele yangu akatafuna nyama, mwanangu atakuwa hajaolewa na yeyote."

Akajirudisha kwenye mto.

"Na gari hilo," akaendelea, safari hii akimtazama msimamizi moja kwa moja, "naogopa. Nikifia huko nitazikwa na watu nisiowajua. Mkwe ndiye mtoto niliyebakiwa naye. Niacheni karibu naye. Ila msiniweke mbele yake."

Msimamizi akaongea kama anavyoongea siku zote, bila kuzunguka.

"Mayu, nimekuelewa. Lakini usipokula utakufa hapahapa, na mimi siwezi kukutazama ukifa kwa sababu ya adabu. Jumamosi ni siku ya meza. Nikiona umekula na wenzako kama zamani, Jumatatu gari halina kazi. Nikiona umerudisha sahani, utaondoka, hata ukinichukia."

"Ni haki," bibi akasema.

Jinsi ya kufanya haikuwa ngumu, tulipokwisha kuona. Nyumbani kwa wengi wao wanaume hawakuwa wakila na wanawake. Walikula nje, kwenye moto wa boma, na akina mama walikula ndani. Tukakubaliana meza ibaki ukumbini kwa akina bibi, na wanaume wakae nje upande wa pili wa ukuta, kwenye moto, na nyama ichomwe hapohapo. Ukuta wenyewe juu una matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Watu hawaonani, ila sauti zinapita zote.

Mzee wa Lamadi alilalamika.

"Sisi watu wa ziwani tunakula na wake zetu."

"Ndiyo maana walikuchoka," akajibiwa kabla hajamaliza.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natoka sokoni na vitunguu nikakuta babu wa Mwamanyili amesimama getini. Amevaa koti, na mkononi ana mfuko aliokuja nao.

"Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka."

"Safari?"

"Naondoka."

"Wapi?"

"Huko."

"Huko wapi? Nyumba si uliniambia ilianguka mvua za mwaka jana?"

Akasogeza mfuko mkono mwingine. "Nimesikia gari linakuja Jumatatu kuchukua watu wa ndani. Hawawezi kuondolewa wao. Wao ni wakubwa. Anayetakiwa kuondoka ni mimi."

Watu wa ndani. Ndivyo alivyomtaja, mtu mmoja kwa jina la wengi, akitazama chini. Nilitafuta maneno ya kumzuia, na yote niliyoyapata yalikuwa ya kijinga. Ningemwambia nini mtu wa umri ule kuhusu adabu? Nikamwambia tu kile nilichokijua.

"Kila siku nikiwapelekea chakula wananiuliza kwanza kama wewe umekula. Hawajawahi kukosa kuniuliza. Leo nikirudi niwaambie umeondoka na njaa?"

Aliinua macho. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo akidhani amepata abiria, babu akamkataa kwa mkono.

"Wanauliza?"

"Kila siku."

"Mimi nilidhani wanaona aibu kuwa na mkwe kama mimi. Nimekuja hapa sina hata kuku."

"Leo wanaume mnakula nje," nilisema, "upande wa pili wa ukuta. Njoo unisaidie, nyama ya moto siiwezi, inaniungulia."

Hapo nilidanganya kidogo, nyama naiweza. Nilichukua mfuko wake nikauweka kwenye kapu langu juu ya vitunguu, nikaingia nao, naye akanifuata.

Mchana tukapakua. Bibi nilimtoa chumbani kwa kumzungusha upande wa jikoni, kanga begani. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani. Mbele yake, mahali pa mgeni, hapakuwa na mtu. Wenzake walimpokea kwa kelele, na yeye aliwajibu, ila niliona jicho lake liko kwenye sahani kama mtu anayetazama mto anaotakiwa kuuvuka. Alichukua tonge moja la wali. Akalishika. Msimamizi alikuwa mlangoni, akijifanya anahesabu chupa za soda.

Nje mafuta ya nyama yalikuwa yanapasuka motoni, na mzee wa Lamadi anaeleza jinsi sangara anavyozidi ng'ombe kwa utamu.

Bibi akarudisha tonge kwenye sahani. Kisha akaniita, kwa sauti ya juu ambayo haikuwa ya kuniita mimi niliyekuwa pembeni yake.

"Muulize mtu wa nje kama nyama imeiva."

Nilikwenda mpaka mlango wa uani. "Guku, unaulizwa kama nyama imeiva."

Babu alikuwa amekaa kigoda mgongo ukutani. Alisikia mara ya kwanza, kila mtu alisikia, lakini alingoja mpaka nilipomaliza.

"Waambie imeiva. Nimewatengea ini, ni laini."

"Bibi, imeiva. Umetengewa ini."

"Na mimi mbona siulizwi?" mzee wa Lamadi akasema. Akanyamazishwa na wote, ndani na nje.

Nilileta ini kwenye sahani ndogo. Bibi hakuligusa bado.

"Muulize," alisema, na sauti sasa ilikuwa ndogo, "kaburi liko upande gani wa nyumba."

Binti alipofariki bibi alikuwa mgonjwa, habari ilimfikia watu wameshazika, na baadaye miguu na maneno ya kijiji havikumruhusu kusafiri. Hilo nililijua baadaye. Saa ile nilijua tu kwamba nimetumwa. Nikaenda mlangoni, nikauliza.

"Waambie liko upande wa jua linakotokea," babu alisema. Alikuwa ameutazama moto. "Nimelizungushia mawe. Nilipoondoka nilimwachia jirani, analifyeka."

Nikarudi nikasema.

"Muulize kama mwanangu alininung'unikia. Kwa kutokuja."

Nikaenda nikauliza.

Babu akageuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Waambie hapana. Alikuwa akiwataja tu. Siku zile za mwisho alitamani michembe ya kwao, anasema ya huku Busega haikaushwi vizuri. Nikatafuta kila soko, nikileta anasema siyo."

Nilipomfikishia bibi, nilidhani atalia. Badala yake mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Alikuwa na shida huyo tangu mtoto," alisema, akiwaambia wenzake. "Chakula cha watu hakimpendezi. Viazi vya michembe yangu mimi nilikuwa navikausha juu ya jiwe, si chini. Vya chini vina mchanga." Akapaza sauti kuelekea kwenye matundu ya ukuta. "Mwambie mtu wa nje mwanangu hakukosea. Michembe ya Busega ni mchanga mtupu!"

"Guku..." nilianza, nikiwa njiani kwenda mlangoni.

"Waambie nimesikia," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia babu wa Mwamanyili akicheka.

Niligeuka. Bibi alikuwa ameweka kipande cha ini mdomoni, anakitafuna upande wenye meno, macho ameyafumba. Akameza. Akachukua kingine. Msimamizi aliacha chupa za soda, akatoka nje na simu yake sikioni.

"Wewe mama mkwe," bibi akaniita, "umesimama hapo kama nguzo. Huu wali umepoa. Niletee mwingine, na mlenda uwe mwingi."